149, M1000, Homo Sapiens au Nakaya: ipi itakaa vizuri mkononi mwako?

Wakili msomi, za Tanga. Swali lako ni refu kidogo kwa hiyo nalifupisha ili na wengine wafuatilie: unaandika kwa mkono karibu kutwa nzima, maelezo ya wateja ofisini, hoja, na notsi ukiwa mahakamani, mwandiko wako ni mdogo, viganja vyako sio vikubwa, karatasi ni hizi hizi za rimu ya kawaida, na umejichanga kununua peni moja ya wino ya maana ambayo baadaye utamwachia binti yako. Umebaki na nne kichwani, Montblanc Meisterstück 149, Pelikan M1000, Visconti Homo Sapiens Bronze Age, na Nakaya ya Japani, na unataka kujua ipi ina raha zaidi mkononi na ipi muundo wake umetulia kweli, sio jina tu.

Watu wakianza kuongelea peni za gharama wanaanza na nibu, ile ncha ya metali inayoandika, dhahabu karati ngapi, inateleza vipi, na siwalaumu maana nibu ndio inayong'aa. Ila wewe nakuomba uanze na shingo, pale vidole vitatu vinaposhika. Sababu yangu ni ya kifundi kabisa. Nibu ikiwa kavu inafunguliwa kidogo ikatoa wino zaidi, ikikwaruza inasuguliwa, ikiwa nene inachongwa ikawa nyembamba, wino ukikukera unabadilisha, karatasi ikikukera unabadilisha. Shingo haichongwi. Unene uliotoka nao kiwandani ndio huo mpaka mwisho wa dunia, na urefu wake, na pale nyuzi za kufungia kifuniko zinapokaa, na uzito wote umeegemea wapi. Peni nyingi za bei mbaya zinazoletwa mezani kwangu kwa shtaka la "nibu mbovu", ukiweka lenzi unakuta nibu haina kosa lolote, mwenye peni ndio anaikaba kwa sababu ni nene mno kwake au inamponyoka, anakandamiza, anaipindisha bila kujua, na hakuna nibu duniani isiyokwaruza ikikandamizwa na kupindishwa.

Kwa hiyo kabla hujatuma hela kokote fanya hili jaribio, halina gharama. Chukua Bic ya kawaida, hiyo ina unene kama wa milimita 8, izungushie plasta ya karatasi pale unaposhika mpaka ifike kama milimita 11, pima na rula, fanyia kazi siku nzima. Kesho yake ongeza plasta mpaka 13, fanya vile vile. Usijaribu kwa sahihi moja mbili, sahihi inadanganya, kila peni ni tamu kwenye sahihi. Andika kurasa. Jioni sikiliza kiganja, hasa ile nyama kati ya dole gumba na kidole cha shahada, ikiwa inauma kwenye 13 basi nusu ya orodha yako imeshajifuta yenyewe.

Maana 149 ipo huko kwenye 13. Ni peni kubwa, na watu huwa hawaelewi ni kubwa kiasi gani mpaka waishike, picha zinaificha kwa sababu uwiano wake ni mzuri sana, kila sehemu imekuzwa pamoja. Umbo hili la sigara ni la 1952 na halijaguswa sana tangu hapo, ingawa jina Meisterstück lenyewe lilianza 1924. Uzito ni kama gramu 32, sio nzito kwa ukubwa wake, na ukiiacha bila kuchomeka kifuniko nyuma inalala vizuri kabisa kwenye mkono mpana, vidole vinakaa vimefunguka, hakuna msuli unaobana, mtu wa kiganja kikubwa anaweza kuandika nayo mpaka adhana ya alasiri bila kuhisi kitu. Ukichomeka kifuniko nyuma inakuwa ndefu na mkia unavuta, usifanye hivyo. Kwa kiganja kidogo mambo yanageuka: dole gumba halifiki linapotakiwa, kidole cha kati kinasukumwa nje, na ile nibu kubwa inakufanya ushike mbali na karatasi, kwa hiyo mwandiko mdogo unakuwa kazi, unajikuta unaandika herufi kubwa kuliko zako.

Muundo wake nauheshimu. Nyeusi tii, pete tatu za dhahabu kwenye kifuniko, nyota nyeupe kichwani ambayo ni theluji ya kilele cha Mont Blanc ikiangaliwa kutoka juu, na kwenye nibu wamechonga 4810, urefu wa huo mlima kwa mita kama ulivyohesabiwa zamani. Wajapani wa Platinum nao wakaita peni yao 3776, urefu wa Fuji. Sisi wenye 5895 ya Kilimanjaro bado tunasubiri. Ila kuna vitu viwili kwenye 149 ambavyo muuzaji hawezi kukuwekea mbele. Kwanza ile wanayoita resini ya thamani ni plastiki nzuri, inang'arishwa ikawaka, inapendeza, na ni ngumu kwa maana ya kwamba haipindi, ikianguka kwenye sakafu ya vigae inapasuka, na mahakama zetu zina vigae. Pili, pistoni yake, ile fimbo ya ndani inayovuta wino, ni imara lakini sio ya kufungulia nyumbani, na nibu yake haitoki bila kifaa maalumu, likitokea jambo peni inasafiri.

Halafu feki. Ukisikia mtu ana 149 "ya mzigo kutoka Dubai" kwa bei ya kirafiki, zungusha kitako: ya kweli inajaza wino kwa pistoni, kitako kinazunguka, fimbo inapanda na kushuka ndani, basi. Ukifungua mwili ukakuta konvata ya plastiki ndani, yaani kitenki kidogo cha wino kinachochomolewa, hiyo sio 149 hata iwe na boksi, cheti na mfuko wa karatasi. Za miaka ya karibuni ukizimulika na tochi kali mwili unaonyesha wekundu wa zambarau hivi, feki nyingi zinabaki nyeusi tu. Namba ya usajili wa peni (serial) kwenye pete ya klipu isikutulize, hiyo wanachonga vizuri siku hizi.

M1000 ya Pelikan ilitoka 1997, mdogo wake M800 alitangulia 1987, na kwa unene M1000 haiachani na 149 sana, gramu 33 hivi, shingo pana vile vile. Tofauti ipo kwenye nibu na kwenye mwili. Mwili ule wa mistari, wa kijani na nyeusi ndio maarufu, umetengenezwa kwa vipande vya selulosi asetati vilivyounganishwa mstari kwa mstari, kwa hiyo mistari haikupakwa rangi, imo ndani ya maada yenyewe, na ukiinua peni kuelekea dirishani, katikati ya mistari unaona wino umebaki kiasi gani. Huu ni muundo unaofanya kazi na kupendeza kwa wakati mmoja na kwangu mimi hapa Pelikan wamewapiku Montblanc mchana kweupe. Klipu ni mdomo wa mwari, inateleza kwenye mfuko wa shati bila kuchana uzi. Kichwani kuna nembo ya mwari na kinda mmoja, zamani makinda yalikuwa mawili, walipunguza 2003, uzazi wa mpango umefika mpaka Ujerumani.

Nibu ya M1000 ni ya karati 18, kubwa, na ni laini ya kubonyea. Ukiigusa karatasi na kukandamiza kidogo meno mawili yanaachana, mstari unanenepa, ukiachia unarudi, na wino unamwagika kama mvua za masika. Kwa mtu anayeandika barua kwenye karatasi nzuri, herufi kubwa, bila haraka, sijui peni ya kisasa yenye raha kuizidi hiyo. Kwa wewe na karatasi ya rimu itakuwa vita. F yao, yaani nibu nyembamba, inaandika kama M, ya wastani, ya mwingine au zaidi, wino unatambaa kwenye nyuzi za karatasi, herufi e na a zinaziba, na upande wa pili wa karatasi haufai tena. Kitu kimoja kizuri cha Pelikan ambacho wengine wangeiga: nibu pamoja na ulimi wake mweusi wa chini unaopeleka wino zinafunguka kama skrubu, unaitoa kwa vidole, unaosha, unaweka nyingine. Ukivutwa sana na mistari ile angalia M800, ni nyembamba zaidi, ina pistoni yenye shaba ndani inayoipa uzito mzuri wa nyuma, na nibu yake ni ngumu kuliko ya kaka yake. Ila hata M800 wino wake ni mwingi.

Visconti Homo Sapiens sasa. Hii ndio ya kwanza kushikwa na kila mtu kwenye meza yoyote yenye peni nyingi, na sababu ni ngozi yake. Wataliano hawa wa Firenze, kampuni ilianza 1988, walichukua lava ya mlima Etna wakaichanganya na resini, ikatoka kitu cheusi kisichong'aa, kikavu, chenye vinyweleo vidogo mno, ukikishika hakitelezi hata mkono ukiwa na jasho, na wenyewe wanasema kinanyonya unyevu wa mkono kidogo. Kwa mtu wa pwani hiyo sio hadithi ya kuuzia, inasaidia kweli, resini iliyong'arishwa ya 149 saa nane mchana feni ikiwa imekatika umeme inateleza kama samaki. Kifuniko hakina nyuzi, kina kulabu, unasukuma na kuzungusha kidogo kimefunguka, kwa mtu anayefungua na kufunga peni kila shahidi akitulia hiyo ni nafuu kubwa. Klipu yake imekunjwa kama upinde wa daraja, Ponte Vecchio la mjini kwao, na ina springi.

Shida ni uzito, zaidi ya gramu 40. Nusu saa ya kwanza unaupenda, unaona peni inajiandikia yenyewe kwa uzito wake, saa ya tatu kifundo kinaanza kukuuliza maswali. Haioneshi wino umebaki kiasi gani, mwili umeziba, kwa hiyo utaishiwa katikati ya sentensi ya hakimu. Inajaza kwa mvuto wa hewa, unavuta fimbo unasukuma mara moja imejaa tele, lakini kuiosha ukabadilisha rangi ni kazi ya subira. Nibu za mwanzo zilikuwa za paladiamu, laini na za wino mwingi, baadaye wakahamia dhahabu. Na zile pete na klipu ni za shaba, ambayo inabadilika rangi kwa hewa, na kwa hewa yenu ya chumvi hapo Tanga itafika kahawia iliyokolea haraka kuliko ya mtu wa Milano. Kuna wanaoisugua irudi kung'aa, mimi naona wanaharibu, ile rangi ndio peni yenyewe ilivyokusudiwa, kama hupendi chuma kinachozeeka usinunue hii.

Hapo kabla sijaja kwa Mjapani niseme la dhahabu kidogo maana najua litakuja. Dhahabu haiandiki. Kinachogusa karatasi ni punje ya metali ngumu iliyochomelewa kwenye ncha, na hiyo punje, ukubwa wake na jinsi ilivyosuguliwa, ndio unayoihisi. Karati 14 ni dhahabu asilimia 58 na nusu, 18 ni 75, 21 ya Sailor, Wajapani wengine, ni 87 na nusu, na hizo namba hazikuambii nibu ni laini au ngumu, kinachoamua ni unene wa bati, upana wa mabega na urefu wa meno. Kuna nibu za 14 zinazobonyea kama ulimi na kuna za 18 ngumu kama msumari. Mtu akikuambia 21 ni bora kwa sababu ina dhahabu nyingi, mwambie basi aandike kwa pete ya mkewe.

Na kuna hili la kuteleza. Sisi tukijaribu peni dukani tunasifia ile isiyotoa sauti, inateleza kama iko juu ya mafuta, Montblanc wengi wako upande huo, ingawa nibu ya 149 bado ina uzito fulani chini yake, haikimbii ovyo. Wajapani na baadhi ya Wataliano, Aurora wa Torino kwa mfano, makusudi kabisa wanaacha mkwaruzo mdogo, unaisikia karatasi, Sailor unaifananisha na penseli nzuri. Mwandishi wa herufi ndogo anauhitaji huo mkwaruzo, ndio unaomwambia mkono asimame wapi. Kwenye nibu inayoteleza mno mkia wa herufi unapitiliza, mwandiko mdogo unakuwa na mikia mirefu isiyo na adabu. Kwa hiyo usijaribu peni kwa swali la "inateleza?", jaribu kwa swali la "herufi zangu zinafanana na zangu?"

Haya, Nakaya. Ni karakana ndogo ya Tokyo iliyoanzishwa na watu wa Platinum, mafundi wengi wakiwa wale waliostaafu kule, na kinachonifanya nikae hapa muda mrefu kuliko kwingine ni kwamba peni hii ina mambo mengi usiyoyaona kwenye picha. Mwili ni ebonaiti, yaani mpira uliopikwa na salfa nyingi mpaka ukawa mgumu kama pembe. Wanaikereza kwa mkono kwenye mashine. Ebonaiti ukiishika haina ule ubaridi wa plastiki, inachukua joto la mkono ndani ya muda mfupi, na ni nyepesi, Nakaya nyingi zina gramu ishirini na kitu. Juu yake wanapaka urushi.

Urushi ni utomvu wa mti, na huo mti ni wa ukoo mmoja na mwembe na mkorosho wetu. Ukiwauliza akina mama wa Mtwara na Lindi wanaobangua korosho, yale mafuta ya ganda yanavyochubua vidole, utaelewa utomvu wa urushi ukiwa mbichi unafanya nini kwa fundi, ni kemikali za jamii moja. Ukishakauka hauna madhara yoyote, unakaa kama kioo laini. Na haukauki kwa jua wala kwa upepo, unakauka kwa unyevu, wanaweka vitu kwenye kabati lenye joto na unyevunyevu, safu inashika, wanasugua, wanapaka nyingine, inakwenda hivyo kwa miezi. Ndio maana ukiagiza unasubiri, na hakuna wa kumharakisha.

Kama utachukua Nakaya chukua ya mtindo wa tamenuri, hasa ile ya nyekundu chini. Wanapaka safu nyekundu kwanza, juu yake wanaweka urushi wa kahawia unaopenya mwanga, nyingi, mpaka peni inaonekana kama nyeusi. Lakini pale kwenye kingo, mdomo wa kifuniko, kitako, mwisho wa shingo, safu ya juu inakuwa nyembamba na ule wekundu unachungulia, mstari mwembamba kama umechorwa na hakuna aliyeuchora. Halafu urushi kadiri miaka inavyokwenda unazidi kupenya mwanga, kwa hiyo wekundu unaongezeka polepole, peni ya mwaka wa kumi sio rangi ya peni ya mwaka wa kwanza. Umeniuliza muundo gani umetulia, mimi jibu langu ni hili, hauna pete, hauna nyota, nyingine hazina hata klipu, na bado mtu akiiona mezani ananyamaza kidogo kabla hajauliza. Kwa mtu anayetaka kuacha peni kwa mtoto, mimi sioni sababu ya kutafuta zaidi.

Usichanganye na zile za Namiki, Wajapani wengine tena, zenye maki-e, zile za unga wa dhahabu unaonyunyizwa kwenye urushi mbichi na vipande vya ganda la baharini, zenye sahihi ya msanii. Hiyo ni dunia nyingine, Namiki walikuwa wanatengeneza hizo kwa ajili ya Dunhill tangu 1930 na bei zake ni za kiwanja. Emperor yao ni kubwa kiasi kwamba 149 inaonekana mdogo wake, inajazwa wino moja kwa moja ndani ya mwili na ina vali ya kufungia. Nzuri kabatini, mahakamani itakufanya uonekane umeshika fimbo ya uongozi.

Kwenye shingo Nakaya inakupa nafasi ya kuchagua, mifano yao haina unene mmoja, na ile inayoitwa Portable ndio ya mikono kama yako, haifiki unene wa 149, na uzito wake mdogo maana yake hata ukiandika kutwa hakuna kinachovuta nyuma. Nyuzi za kifuniko vidole vinaweza kuzigusa kidogo kama unashika juu, hazikati. Nibu ni ya karati 14, ngumu kiasi, ina ule mkwaruzo niliosema, na F ya Kijapani ni nyembamba kuliko F ya Ulaya kwa karibu daraja zima, kwa hiyo kwenye karatasi ya rimu utaweza kuandika herufi ndogo na upande wa pili ukautumia pia.

Na lile ambalo watu wanalidharau, inatumia katriji, vile vibomba vya wino vya kuchomeka, na konvata za Platinum. Ninasikia kila siku kwamba peni ya hela hizo kutumia konvata ni aibu, pistoni ndio uanaume. Wewe umesema urithi. Pistoni ina raba na mafuta ndani, inakauka, inahitaji fundi, na kampuni ikiamua mfano huo wa zamani hauhudumiwi tena umebaki na pambo. OMAS ya Bologna, kampuni ya 1925, peni zao za pistoni zilikuwa miongoni mwa bora kabisa, wakafunga 2016, sasa vipuri unatafuta kwa watu. Konvata ikiharibika unanunua nyingine kwa bei ya chakula cha mchana, ndani ya dakika peni imepona. Wino unaoingia ni mdogo kweli, kwa kazi yako utajaza kila siku au siku mbili, weka katriji za akiba kwenye mkoba wa joho.

Kasoro zake nisizifiche: usiiache juani wala kwenye dashibodi ya gari, mwanga mkali unaumaliza urushi, na ebonaiti isiyopakwa ikilowekwa majini inageuka kahawia mbaya, kwa hiyo unaosha nibu na shingo tu kwa maji ya kawaida, sio ya moto, mwili unaufuta kwa kitambaa laini. Usiiweke mfuko mmoja na funguo. Na jina halijulikani, hakuna mteja atakayeingia ofisini kwako akaitambua, kama sehemu ya sababu ya kununua ni hiyo, na sioni ubaya wowote, mawakili mnavaa saa kwa sababu hiyo hiyo, basi sema ukweli kwa nafsi yako na urudi Montblanc. Lakini sio 149. Chukua 146, umbo ni lile lile, pete tatu na nyota vile vile, ila shingo imepungua mpaka kama milimita 12 na uzito umeshuka, nibu ya karati 14, uliza EF, ile nyembamba kuliko F. Ya mtumba iliyotunzwa itakuokolea hela nyingi, na ukipata ya zamani yenye ule ulimi wa ebonaiti chini ya nibu, zile za kabla ya miaka ya tisini, mshike muuzaji asiondoke.

Kwa hiyo mpangilio wangu kwa mkono wako na karatasi yako: Nakaya Portable tamenuri, ikishindikana 146 ya EF, M800 kama moyo umeng'ang'ania mistari. Homo Sapiens ningeichukua kama peni ya pili, ya kusainia na kuandikia kadi, ukishapata uzoefu. 149 na M1000 ni peni kubwa kwa maana zote mbili ila sio zako. Na kama bajeti ikiyumba kabla ya siku, Lamy 2000 ya Mjerumani, iliyobuniwa na Gerd A. Müller, ya 1966, bado inatengenezwa, haina umaridadi wa kujionyesha hata kidogo na bei yake ni sehemu ndogo tu ya hizi, na kwa akili ya muundo inakaa meza moja nazo.

Ukiamua Nakaya, wakati wa kuagiza wanakuuliza unaandikaje, mkono gani, unakandamiza kiasi gani, pembe, kasi, nao wanaipanga nibu kulingana na majibu. Usijaze kwa haraka. Kaa mezani, muombe karani wako akupige picha ya mkono kwa pembeni ukiwa unaandika kweli, sio ukiigiza, ndio ujibu. Sema mwandiko ni mdogo, karatasi inanyonya, omba wino uwe wa wastani sio mwingi. Watu wengi wanaomba wino mwingi kwa sababu wameona video za karatasi ya Kijapani, halafu wanalalamika.

Wino wa kuanzia, Pelikan 4001 bluu-nyeusi, unakaa kwenye karatasi hata maji yakimwagika na hautambai sana kwenye rimu, ila una chuma ndani kwa hiyo usiuache ukakauka, osha peni kila mwezi. Wino mweusi wa wachoraji, ule wa India wenye gundi, usiusogeze kabisa karibu na hii peni, ukishakauka ndani ya ulimi ndio basi. Na kwa unyevu wa pwani ukienda likizo ya mahakama ya Desemba mwaga wino wote, osha, kausha, maana wino uliokaa kwenye joto unaota ukungu na ukungu ukishaingia kwenye chupa unahamia kila peni uliyonayo.

Fanya kwanza lile la plasta, na ukishapata milimita zako nitumie picha ya mwandiko kwenye karatasi unayoitumia kazini, nikuambie F au katikati ya F na M.